Wapagazi wa Kariakoo: Vita Vilivyobebwa Kichwani

ZUHURA: Hamjambo wasikilizaji. Mimi Zuhura, niko Dar es Salaam, na mwenzangu Otieno yuko Nairobi. Kaka Otieno, habari za huko?

OTIENO: Salama, dada Zuhura. Baridi imetubana kidogo, lakini tupo. Leo uliniahidi Kariakoo.

ZUHURA: Nilikuahidi. Mimi nimepita Kariakoo tangu nikiwa nashikwa mkono na mama, tunanunua vitenge na dagaa, na nilikuwa mtu mzima kabisa nilipoambiwa jina lile limetoka wapi. Waingereza waliiteka Dar es Salaam Septemba 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, na pale ndipo walipoweka kambi ya wapagazi wao. Kikosi kiliitwa Carrier Corps. Watu wakalitamka walivyolisikia, likawa Kariakoo.

OTIENO: Na sisi hapa tuna Kariokor. Neno ni lile lile, kambi zilikuwa za watu wale wale. Watu wanasuka vyondo pale na kuchoma nyama, na ukiuliza maana ya jina, wengi watakwambia ni la Kiingereza tu, basi.

ZUHURA: Sasa tuanze na vita vyenyewe. Watu wakisikia Vita Kuu wanafikiria mahandaki ya Ufaransa. Huku kwetu ilikuwa Uingereza upande mmoja, pamoja na Wabelgiji kutoka Kongo na baadaye Wareno kutoka Msumbiji, na upande wa pili Ujerumani, iliyokuwa inatawala Tanganyika, Rwanda na Burundi. Novemba 1914 Waingereza walishusha Tanga wanajeshi kama 8,000, wengi wao kutoka India. Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alikuwa na watu kama 1,000 tu, wengi wao askari Waafrika. Waingereza wakapigwa, wakarudi melini na kuacha bunduki na maelfu ya risasi ufukweni.

OTIENO: Na nyuki.

ZUHURA: Na nyuki! Risasi zilivuruga mizinga iliyokuwa mitini, nyuki wakatoka na kuwauma watu wa pande zote mbili. Mzinga wa nyuki na mzinga wa vita, Kiswahili kinaviita kwa neno moja, na siku ile Tanga vyote viwili vilifanya kazi. Lakini habari ya nyuki ndiyo inayosimuliwa kila mara, na mimi nataka kwenda mahali ambapo hakuna anayesimulia.

OTIENO: Kwa wapagazi.

ZUHURA: Kwa wapagazi. Lettow-Vorbeck hakutarajia kuishinda Uingereza huku. Alichotaka ni kuwashughulisha wanajeshi wengi iwezekanavyo wasipelekwe Ulaya. Kwa hiyo akawa anapiga na kurudi nyuma, anapiga na kurudi nyuma, kutoka Kilimanjaro mpaka Rufiji, mpaka Lindi, akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Na kila alipokwenda, jeshi la Waingereza lilimfuata. Sasa niambie, jeshi linakula nini huko porini?

OTIENO: Linakula kilichobebwa. Reli iliishia mahali, magari yalikwama kwenye matope, farasi na nyumbu walikufa kwa mbung'o, maelfu kwa maelfu. Alibaki binadamu. Na hapa nataka msikilizaji afanye hesabu pamoja nami. Mpagazi alibeba kama kilo 25. Tuseme chakula chake ni kilo moja ya unga kwa siku. Akitembea siku kumi na mbili kwenda na kumi na mbili kurudi, karibu mzigo wote ameula mwenyewe. Askari aliye mbele anabakiziwa kilo moja tu. Ndiyo maana kikosi kikisogea mbele kidogo, inabidi waongezwe wapagazi wa kuwabebea wapagazi.

ZUHURA: Hesabu hiyo ndiyo iliyofikisha idadi yao karibu watu milioni moja kwa upande wa Waingereza peke yao. Milioni moja, Otieno.

OTIENO: Na usidhani walijiandikisha kwa hiari. Mwanzoni wapo waliokwenda kwa mshahara. Mwaka 1915 hapa Kenya ikatungwa sheria ya kuwachukua kwa nguvu, na mwaka 1917 ukaja msako mkubwa. Chifu anaambiwa leta idadi fulani, naye anachagua nani aende. Vijana walikimbilia msituni, wengine wakaenda kuomba kazi kwenye mashamba ya walowezi ili wasichukuliwe. Ukiona mtu anakimbilia shamba la mlowezi kama mahali pa usalama, ujue anachokimbia ni kikubwa.

ZUHURA: Na kilichowaua wengi hakikuwa risasi.

OTIENO: Tumbo. Mtu wa Buganda amezoea matoke, mwingine amezoea wimbi au mtama, wote wanapewa unga wa mahindi. Fikiria jioni, mvua inanyesha, umetembea tangu alfajiri na mzigo kichwani, mabega yamechubuka. Kuni ni mbichi, zinatoa moshi tu. Una njaa, hungoji ugali uive, unaula ukiwa bado unga unga katikati. Kesho yake tumbo linachafuka, keshokutwa unahara damu, na mzigo bado ni wako. Hapo ongeza malaria, na homa ya mapafu kwa waliotoka joto wakapandishwa milimani na blanketi moja.

ZUHURA: Rekodi za Waingereza wenyewe zinataja wapagazi wapatao 95,000 waliokufa, kama 45,000 kati yao kutoka Kenya. Wanahistoria wengi wanaona idadi halisi ilizidi hapo. Na Wajerumani nao walikamata watu vijijini wawabebee mizigo, wengi bila malipo na bila kuandikwa popote. Hao hata makadirio yao ni ya kubahatisha.

OTIENO: Usiwasahau waliobaki nyumbani.

ZUHURA: Nisiwasahau kabisa. Ugogo, Dodoma kule, majeshi yalipita yakachukua ng'ombe, yakachukua nafaka ghalani, yakachukua wanaume. Kisha mvua ikagoma. Wagogo wanaikumbuka njaa ile kwa jina la Mtunya. Na mwishoni mwa 1918 ukaja ugonjwa wa mafua makali, ukawakuta watu wamekwisha.

OTIENO: Na vita vyenyewe vilichelewa hata kufa. Ulaya waliacha kupigana tarehe 11 Novemba 1918. Lettow-Vorbeck alikuwa ameshafika karibu na mto Chambeshi, Zambia ya leo, habari ikamfikia siku mbili tatu baadaye. Akasalimisha silaha Abercorn, sasa Mbala, tarehe 25 Novemba.

ZUHURA: Nikuulize, sanamu ya Nairobi umeiona kwa karibu?

OTIENO: Ile ya Kenyatta Avenue? Nimesimama pale wiki iliyopita kwa ajili ya kipindi hiki. Sanamu ni tatu, na mmoja wao ni mpagazi, hana bunduki. Maandishi yake ni ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Yanasema wapagazi walikuwa miguu na mikono ya jeshi, na kwamba ukipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watakumbuka jina lako. Nikazunguka jiwe lote nikitafuta jina hata moja. Hakuna.

ZUHURA: Na sababu inajulikana. Baada ya vita, tume ya makaburi ya Waingereza iliahidi kwamba kila aliyekufa ataandikwa jina lake. Kwa wapagazi wa Afrika Mashariki wakaamua sanamu zinatosha, eti kaburi lenye jina halina maana kwa mtu kama huyo. Makaburi yao mengi yakaachwa yarudi kuwa pori. Mwaka 2021 tume hiyo, ambayo bado ipo, ilichapisha uchunguzi wake yenyewe na kukiri. Watu wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza ikaomba radhi bungeni.

OTIENO: Na kinachoniuma ni kwamba wapagazi waliandikishwa. Mpagazi alikuwa na namba yake, na mshahara ulihesabiwa kwa namba hiyo. Tena mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia ndugu zao, na London ikakataa kuitoa hata maofisa wa huku walipoidai. Daftari la kumhesabia kazi lilikuwepo.

ZUHURA: Ndiyo maana tunawaomba ninyi mnaotusikiliza. Kama kwenu kuna babu wa babu aliyechukuliwa vita vya Mjerumani, hata kama mnajua jina moja tu na kijiji, liseme kwenye ujumbe wa sauti, mtutumie. Tutayasoma yote hapa, tena polepole. Kipindi kijacho tunakwenda Tabora, Septemba 1916, Wabelgiji wanaingia mjini.

OTIENO: Na wapagazi wao kutoka Kongo.

ZUHURA: Tutaanza na hao.