Sarafu ya Fedha Kwenye Kasha: Unalipia Nini?

Ndugu zangu, asanteni. Swali ni lile lile: sarafu ya fedha iliyokwisha kupimwa daraja (yaani ubora wa hali yake) na PCGS au NGC, kampuni za Marekani za kupima sarafu, ikafungwa kwenye kasha la plastiki, inunuliwe au iachwe? Gawa bei yake mafungu mawili. Fungu la kwanza ni madini, la pili ni namba ya daraja iliyoandikwa juu ya kasha. Kama huwezi kunieleza fungu la pili unalilipia kwa nini, usitoe hela.

Chukueni Silver Eagle ya Marekani. Ni wakia moja, gramu 31.1 za fedha ya 999, yaani sehemu 999 kati ya 1,000 ni fedha. Mwaka 2015 peke yake zilitengenezwa milioni 47. Nyingi zinazopelekwa kupimwa hurudi na 69 au 70, na 70 ndiyo kilele. Maana yake ni kwamba ukiikuza mara tano huoni dosari iliyoipata baada ya kutoka kwenye mashine. Basi! Fedha ni ile ile, uzito ni ule ule, na anayenunua ili ayeyushe hakuongezei hata senti. Tena sarafu hizi zina ugonjwa wa madoa meupe yanayojitokeza hata ndani ya kasha. Doa likitokea juu ya 70 yako, nani atakulipa bei ya 70? Na zile lebo za “toleo la mwanzo” zinasema tu kwamba sarafu iliwafikia wapimaji ndani ya siku 30 tangu itolewe. Hazisemi kwamba ilitangulia kutoka kwenye mashine.

Hapa mtu atainua mkono: “Mwalimu, mimi nanunua kasha linikinge na bandia.” Makasha nayo yanaghushiwa, na namba ya cheti hunakiliwa kutoka kwenye sarafu halali. Fungua tovuti ya kampuni, tafuta namba hiyo, na kama ina picha, linganisha mkwaruzo kwa mkwaruzo. Lakini kwa sarafu ya kawaida unaweza kujipimia mwenyewe. Tafuta mizani ya sonara inayosoma sehemu ya mia ya gramu. Pima sarafu ikiwa kavu. Kisha weka kikombe cha maji juu ya mizani, irudishe sifuri, ning’iniza sarafu kwa uzi mwembamba mpaka izame yote bila kugusa kitako wala ukingo. Eagle halali itasoma karibu gramu 2.97. Shaba iliyopakwa fedha, yenye uzito ule ule, itasoma karibu 3.47. Watu hukosea wapi? Sarafu inagusa kitako, au viputo vya hewa vinaishika, namba inapanda, na sarafu nzuri inaitwa bandia. Itikise kidogo majini kabla ya kusoma.

Reale ya Maria Theresa, yenye sura ya malkia huyo wa Austria, ile iliyozunguka Unguja na Omani, ina gramu 28.07 na fedha ya 833, kwa hiyo majini isome karibu 2.75. Na jamani, mwaka 1780 ulioandikwa juu yake si mwaka iliyotengenezwa! Zimeendelea kutengenezwa kwa tarehe hiyo hiyo mpaka zama zetu. Kwa reale ya juzi, daraja kubwa halileti umri.

Sasa, wapi kasha linastahili? Pale ambapo madini ni sehemu ndogo ya bei. Sarafu ya rupia mbili ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, ya 1893 au ya 1894. Reale ya Sultan Barghash wa Zanzibar ya 1299 Hijria. Dola ya Morgan, ya fedha ya Marekani, ya 1893 yenye herufi S, alama ya kiwanda cha San Francisco, zilizotengenezwa 100,000 tu. Hapo maji hayakusaidii, kwa sababu mghushi huchukua Morgan halali ya bei ndogo na kuibandika S. Fedha ni ya kweli, uzito ni wa kweli, uongo ni herufi. Lipia jicho la mtaalamu, lipia na bima ya posta.

Muda umeniishia, na la kusafisha sikulifikia. Kwa ufupi: rupia iliyosuguliwa kwa majivu na ndimu hurudi kutoka kwa wapimaji bila namba, imeandikwa tu kwamba imesafishwa, na ada yako imekwenda. Kabla ya kuituma izungushe chini ya taa. Mng’ao wa asili huzunguka nayo kama tairi. Iliyosuguliwa ina mikwaruzo midogo inayoelekea upande mmoja, na weusi umebaki ndani ya herufi. Hiyo iuzeni kwa bei ya madini.