Belchite: Magofu Hayakujiacha Yenyewe

Naona kule nyuma kuna mkono umeshanyooshwa hata sijafungua mdomo. Ni swali la mizimu ya magofu ya Belchite, sivyo? Teremsha mkono, ndugu yangu, nitafika.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania mnavijua, sivirudii. Agosti 1937 jeshi la Jamhuri, yaani la serikali, lilikuwa likiutaka mji wa Zaragoza, likakwama Belchite, kimji cha jimbo la Aragón. Majuma mawili, nyumba kwa nyumba, askari wakitoboa kuta wapite ndani kwa ndani, maana barabarani ni kifo. Wakauteka. Machi 1938 watu wa Jenerali Franco, kiongozi wa waasi aliyekuja kuitawala Hispania, wakaurudisha.

Sasa hapa ndipo mnaponichosha. “Vita vimeacha magofu.” Hapana! Vita vilibomoa; aliyeacha ni Franco. Miji mingapi ya Ulaya ilipigwa mabomu na leo haina hata ufa? Huu aliamua usikarabatiwe, ubaki kuwa ushahidi wa ubaya wa wapinzani wake, na pembeni ukajengwa mwingine mpya. Mafundi na vibarua? Wafungwa, wakiwemo waliopigania Jamhuri. Ukazinduliwa 1954.

Mtaniambia: basi watu walipata nyumba mpya, wanalalamika nini? Haya. Wapo waliong'ang'ania mle mle kwenye nyufa hadi miaka ya 1960. Mtu anapika, anafua, anaoza binti, ndani ya kitu ambacho serikali imeshakiita kumbukumbu! Na kwenye mlango wa kanisa la San Martín kuna beti ameziandika mtu wa pale pale. Hazitaji bomu hata moja. Zinasema vijana hawarandi tena mitaani, wala hazitasikika tena jota walizoimba baba zetu. Jota ndio wimbo na ngoma yao Waaragón. Mimi beti zile zimenifundisha kuliko bango lolote la utalii, na mabango nimesoma mengi, mengine nikiwa na njaa.

Nilitaka kusema habari za filamu zilizopigwa mle, na kombora lililonasa kwenye mnara wa kanisa la San Agustín, lakini mwenyekiti ananitolea macho.

Haya, mizimu. Zamani wawinda mizimu walikuwa wakienda usiku na vinasa sauti. Siku hizi kuna uzio, unaingia na mwongozaji, kwa tiketi. Ila jirani tu na uzio huo wanaishi watu kama 1,500, wazima kabisa, na hakuna aliyenyoosha mkono kuniuliza habari zao.