Kanuni Inapovunjwa Mara Moja: Msuko wa Filamu ya Vampaya, Genge na Kicheko

Ndugu waandishi wa skripti, habari za jioni. Leo tunafungua filamu moja tu na kuangalia imefungwaje kwa ndani. Filamu yenyewe ni Innocent Blood, iliyoandikwa na Michael Wolk na kuongozwa na John Landis, ikatoka Marekani mwaka 1992. Landis ndiye aliyeongoza video ya Thriller ya Michael Jackson ya mwaka 1983, kwa hiyo kazi yake mmeshaiona hata kama jina lake hamkulishika. Filamu hii ya vampaya na mafia wa mji wa Pittsburgh haikufua dafu sokoni. Kule Marekani ilikusanya chini ya dola milioni 5. Nimeichagua kwa sababu mtambo wake wa katikati umesukwa vizuri sana, na pale inapolegea, sababu ya kulegea inaonekana waziwazi. Kwa mwanafunzi wa msuko, yaani mpangilio wa matukio ya hadithi, hiyo ni bahati.

Tuanze na ugumu wenyewe. Kila aina ya filamu inamwachia mtazamaji swali lake. Filamu ya kutisha inamfanya aulize: nani anafuata kufa? Ya uhalifu inamfanya aulize: nani anajua nini, na nani atakamatwa? Kichekesho kinamfanya asubiri kuona mtu anayejiamini akikutana na jambo lisiloingia kwenye hesabu zake. Ukiyaweka maswali hayo matatu pembeni pembeni, unapata robo saa ya damu, robo saa ya bastola na robo saa ya utani, na mtazamaji anahisi kama anabadilishiwa chaneli. Unachohitaji ni tukio moja linaloyaamsha yote matatu kwa mpigo. Humu tukio hilo lipo, na limeandaliwa kwa hatua.

Marie, anayechezwa na Anne Parillaud, ni vampaya mwenye masharti. Hanywi damu ya mtu asiye na hatia. Anatafuta wahalifu, na Pittsburgh ina vita vya magenge, kwa hiyo chakula kipo. Akishakunywa hamwachi mtu hivi hivi. Anampiga risasi ya shotigani kichwani ili mfumo wa fahamu uharibike kabisa, maana asipofanya hivyo marehemu ataamka naye akiwa vampaya. Sharti la kwanza linatujulisha tabia yake na kutupa sababu ya kumpenda. Sharti la pili ndilo linaloendesha filamu. Nawaomba mtofautishe hayo mawili mnapoandika. Skripti nyingi za vampaya zimejaa masharti ya tabia, hazina hata moja la msuko, na mwandishi anashangaa kwa nini ukurasa wa 40 umekauka.

Sharti la msuko lina alama tatu. Lina hatua zaidi ya moja, ili liweze kukatizwa katikati. Kulivunja kunazaa kitu kinachoendelea kukua, hakuishii kwenye adhabu ya papo hapo. Na utekelezaji wake unaacha ushahidi ambao watu wasiojua lolote kuhusu vampaya wataufasiri kwa namna yao. Hii ya tatu ndiyo inayosahaulika, nayo ndiyo inayounganisha vampaya na uhalifu. Maiti yenye tundu la shotigani kichwani, katika mji wenye vita vya mafia, ni mauaji ya genge. Hakuna polisi atakayetafuta alama za meno shingoni.

Sasa tazameni mpangilio. Kwanza Marie anatekeleza sharti lake kikamilifu kwa Tony, mhusika wa Chazz Palminteri, ndani ya gari. Tunaona anavyomvuta, anavyokunywa, anavyorudi na shotigani. Hakuna hatua iliyorukwa. Dakika hizo chache zinafanya kazi kubwa: tumejifunza utaratibu kwa macho, genge limepoteza mtu na linatafuta wa kumlaumu, na polisi wana kesi mpya mezani. Utaratibu ukielezwa kwa maneno tu, uvunjwaji wake hautauma. Ukionyeshwa mara mbili, mtazamaji ataanza kusinzia. Mara moja, kamili, inatosha.

Halafu linakuja tukio la bosi mwenyewe, Sal Macelli, anayechezwa na Robert Loggia. Chakula kina kitunguu saumu, Marie hakiwezi, na kicheko kidogo kinaingia wakati hofu imeshapanda. Anamng'ata Sal. Hatua ya kwanza imekamilika. Kabla hajafika kwenye ya pili anakatizwa na mtu wa Sal, naye hana budi kukimbia.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapokosea. Aliyemkatiza Marie ni mlinzi anayefanya kazi anayolipwa kila siku, yaani kumlinda bosi. Ndiyo maana hatuhisi kuonewa. Angekatizwa na simu iliyolia, au bunduki ikakataa kufyatuka, tungeuona mkono wa mwandishi. Kwa hiyo mkifika kwenye tukio la kuvunja kanuni, jiulizeni: katika dunia hii ya uhalifu niliyoijenga, nani ana sababu ya kawaida kabisa ya kupita mlango huu saa hii? Mkikosa jibu, tatizo liko nyuma. Kuna mhusika mliyesahau kumpanda kurasa 10 au 15 kabla.

Sal anaamka mochwari, na maswali yote matatu yanaamka naye. Kwa upande wa kutisha, sasa kuna vampaya wa pili, na huyu hana masharti yoyote. Kwa upande wa uhalifu, mwendesha mashtaka Sinclair, anayechezwa na Angela Bassett, anamwinda mtu ambaye amekufa na hajafa, na Joe Gennaro, kachero wa Anthony LaPaglia aliyejipenyeza ndani ya genge, hana tena ardhi ya kusimama. Kwa upande wa kicheko, Sal mwenyewe hajui amekuwa nini. Ana kiu, ana nguvu, amejaa damu, na anakimbilia wapi? Kwa wakili wake, Manny Bergman, anayechezwa na Don Rickles.

Chaguo hilo la wakili linafundisha mengi. Mwandishi mchovu angempeleka Sal kwa kasisi, au kwa mzee mmoja mwenye vitabu vya kale, naye angetueleza kila kitu. Lakini mtu wa mafia akipata shida anampigia nani? Wakili. Sal anabaki kuwa Sal. Kicheko kinatoka kwenye uaminifu huo wa tabia: anaibeba shida ya kaburini na kuipeleka nyumbani kwa mwanasheria, na wakili naye anajaribu kuishughulikia kama anavyoshughulikia shida zote za mteja wake. Hakuna anayejichekesha. Mkiwaandikia wahusika utani wa kusema kwa mdomo katika sehemu kama hii, mtaua hofu na kicheko pia.

Kisha Manny anang'atwa na kupelekwa hospitali. Tukio la hospitali ndilo ninaloliona bora kuliko yote humu. Mgonjwa kitandani, muuguzi mwema, chumba kisafi, asubuhi. Muuguzi anafungua mapazia kama afanyavyo kwa kila mgonjwa. Jua linaingia, Manny anaungua palepale kitandani. Angalieni alichofanya mwandishi. Kanuni ya jua kila mtu anaijua, lakini kujua hakutoshi. Filamu lazima ituonyeshe kwamba humu ndani inafanya kazi, na inafanya kazi vipi, kabla haijaitumia kwa mtu tunayempenda. Kwa hiyo imetumika kwa mhusika wa pembeni, katikati ya filamu, kwa mkono wa mtu asiye na nia mbaya. Kuanzia hapo kila dirisha lina uzito, na alfajiri ya mwisho wa filamu imeshalipiwa gharama.

Kutoka hapo Sal anaelewa alichokipata, na anakitazama kwa macho ya mtu wa genge: watu wake wakiwa hivi, nani atawagusa? Anaanza kuwageuza vijana wake mmoja mmoja. Sal wa mwanzo na Sal wa sasa wana lengo lilelile, kuutawala mji. Kilichobadilika ni silaha.

Kabla sijaingia kwenye udhaifu, chukueni zana moja. Chora jedwali lenye safu nne: vampaya, polisi, genge, raia. Kila tukio lina mstari wake. Katika kila kisanduku andika sentensi moja: baada ya tukio hili, hawa wanaamini nini? Baada ya mochwari, Marie anajua kazi yake imebaki nusu. Polisi wana maiti isiyoonekana. Genge linadhani limefiwa. Baada ya nyumba ya wakili, safu ya genge inaanza kubadilika. Kagua kila mstari: kama hakuna hata safu moja iliyobadilika, tukio hilo halina kazi. Likate, au lipe kazi. Katika filamu ya uhalifu yenye kicheko, utani bora unapatikana pale safu mbili zinapoamini mambo yanayopingana na wahusika wake wakakutana chumba kimoja.

Tumieni jedwali hilohilo kuona filamu inapolegea. Joe na Marie wanaunganishwa kumsaka Sal, na mapenzi yao yanachukua nafasi kubwa. Kachero aliyezoea kuwafunga watu anatakiwa kumwamini muuaji. Wazo lenyewe lina nguvu. Lakini wakiwa chumbani, Sal hasogei, polisi hawasogei, usiku haupungui. Safu zote nne zimeganda. Tiba yake ni kumpa Sal hatua moja ya hatari wakati uleule, na kuukatia uchumba kwenye hatua hiyo, hata kwa nusu dakika. Mapenzi yakiwa na saa inayogonga pembeni yanazidi kuwa matamu.

Legelege ya pili ni ule mlolongo wa vijana wa Sal wanaogeuzwa. Wa kwanza anatupa habari mpya, wanaofuata wanaongeza idadi tu. Kwa kipimo changu, mabadiliko mawili yaonyeshwe kamili, kila moja likiwa na tatizo lake tofauti, na yaliyobaki tuyakute yameshafanyika. Vilevile kuna wageni wengi mashuhuri wanaopita, akiwemo mwongozaji Sam Raimi, na Frank Oz pale mochwari, pamoja na televisheni zinazoonyesha filamu za zamani za kutisha. Mashabiki wanafurahia, mimi pia nafurahia, ila hayo hayausukumi msuko na wala msiyaige kwa kudhani yanausukuma.

Mwisho wake nautetea dhidi ya wanaoulaumu. Risasi ya kummaliza Sal inatoka kwa Joe. Wapo wanaosema Marie ndiye aliyeacha kazi nusu, basi yeye ndiye angeimaliza. Mimi naona Joe akiifanya hatua ya pili, ile tuliyoiona kwa Tony, polisi amekubali kanuni ya vampaya, na njia ya uhalifu imefika mwisho wake. Deni la Marie linabaki wazi, na ndiyo maana kuna alfajiri: anataka kulisubiri jua, na Joe anapaswa kumshawishi aishi. Tulimwona Manny. Hatuhitaji kuelezwa chochote.

Sasa kwetu. Wengi mtataka kuandika juu ya mumiani, na mna haki. Simulizi hizo zilienea pwani, Nairobi na Kampala enzi za ukoloni. Mahali pengine walioshukiwa ni wazimamoto. Mwanahistoria Luise White alizikusanya na kuzichapisha kitabu mwaka 2000. Mumiani ana tofauti kubwa na vampaya wa Pittsburgh: hang'ati, haambukizi, haogopi jua. Ni mtu wa kawaida anayelipwa. Ana mwajiri, ana gari, ana shimo la kufichia watu, na damu kwake ni bidhaa. Yaani uhalifu umo tayari ndani ya simulizi. Kwa hiyo ile kanuni ya kunywa kisha kumaliza haiwezi kuhamishwa. Hakuna atakayeamka mochwari. Mnahitaji sharti lingine lenye hatua, linaloacha ushahidi unaosomeka vingine.

Mfano wa kufanyia kazi: genge la mumiani lina sharti la kutomchukua mtu mpaka lihakikishe hana wa kumtafuta. Anafuatiliwa kwanza, anaulizwa-ulizwa mtaani, ndipo anachukuliwa. Tuonyeshwe mara moja, kamili. Mara ya pili hatua ya kuulizia inakatizwa, na anayechukuliwa ana ukoo wa watu 60, shangazi asiyekubali jibu lolote, na kamati iliyokwishafungua turubai na kuanza kukusanya michango kabla maiti haijapatikana. Genge lina mateka hai na matanga yake yako mtaa wa pili.

Angalizo moja, nalo ni zito. Uvumi wa wanyonya damu umeua watu kweli. Malawi mwaka 2017 watu walishambuliwa na kuuawa kwa kushukiwa tu. Msimbebeshe umumiani mtu wa kazi halisi ambaye kesho atapita mtaani na sare yake, awe mhudumu wa afya au wa gari la wagonjwa. Mwajiri wa genge lenu awe mfanyabiashara wa kubuni, na ndani ya filamu yumo mtu asiye na hatia anayeshukiwa na umati, ili mtazamaji aone hatari hiyo.

Kwa kikao kijacho kila mmoja alete ukurasa mmoja. Juu andika sharti lako kwa sentensi mbili, likiwa na hatua zake. Chini yake jina na kazi ya mtu atakayelikatiza, na ukurasa gani tulimwona kwa mara ya kwanza. Sehemu iliyobaki ni jedwali la matukio matano ya kwanza baada ya sharti kuvunjika, safu zote nne zikiwa zimejazwa. Msiandike mazungumzo bado. Tutaanza kwa kusoma majedwali.