Bamvua na mtoto mchanga: hesabu za mama mkulima wa mwani

Assalaamu alaykum mama zangu, dada zangu, na nyinyi kina baba mliokuja kukaa nasi.

Mazungumzo ya leo ni ya mama mwenye mtoto mchanga na shamba la mwani. Tutayapeleka kwa hesabu, maana jambo hili limezoeleka kumalizwa kwa nasaha: mama awe na subira, mama ajikaze. Mama wa Paje au Jambiani hajapungukiwa na kujikaza. Anachokosa ni mtu wa kumshikia mtoto maji yanapokupwa, na kikundi chake hakijamwandika mtu huyo popote. Fungueni daftari la kikundi: kamba zimo, taitai (vijikamba vya kufungia mwani) zimo, vigingi vimo. Mlezi hamo. Na hali tangu mwani uanze kulimwa kibiashara pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, wakulima walio wengi ni wanawake, na wengi wao wamo katika umri wa kuzaa. Gharama ya kumlea mtoto ni gharama ya shamba. Hilo ndilo tulilokuja kulisema, mengine yote ni namna ya kulitekeleza.

Tuanze na bahari, kwa sababu ndiyo inayopanga saa. Bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa sana na kukupwa sana, huja mara mbili katika kila mwezi mwandamo, kwenye mwezi mchanga na mwezi mpevu. Kwa pwani yetu, bamvua likiwa kubwa maji hukupwa kabisa mnamo saa 4 asubuhi au baada yake kidogo, na kila siku inayofuata huchelewa kwa dakika 40 hadi 50. Mama huingia maji yakiwa bado yanatoka na huondoka yakishampanda kiunoni. Ukiongeza mwendo wa kwenda na kurudi, anakuwa nje ya nyumba kwa masaa 4 hadi 5. Anafanya hivyo siku 6 au 7 mfululizo, halafu yanaingia maji mafu, siku ambazo maji hayakupwi sana, na shamba halifikiki mpaka bamvua jingine.

Sasa angalieni faida iliyomo humo. Kazi nyingi hazimwambii mama ni siku gani za miezi mitatu ijayo hatakuwepo nyumbani. Mwani unamwambia. Kalenda ile ile tunayohesabia Ramadhani inatosha: bamvua linakuwa kubwa siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama, na vivyo hivyo baada ya mwezi kutimia. Kwa hiyo kliniki iwekwe kwenye maji mafu. Chanjo za mtoto ni wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha mwezi wa 9 na wa 18. Muuguzi akiandika tarehe inayoangukia bamvua, mwambie papo hapo, aisogeze mbele siku chache. Asiirudishe nyuma, maana kati ya dozi na dozi lazima zipite wiki 4. Wanaonyamaza ndio ambao hawaendi siku hiyo, kisha wanaona haya kwenda baadaye.

Tuje kwenye kujifungua. Mwani huchukua kama wiki 6 tangu kufungwa mbegu, yaani vipande vya mwani wenyewe, mpaka kuvunwa. Arobaini nayo ni siku 40. Maana yake mama aliyekaa arobaini yake kama ada inavyotaka amekosa zao zima. Lakini zao moja si hasara kubwa, hasara kubwa ni mbegu. Mwani uliopitiliza wakati wake unakuwa mzito, unakatika na kuchukuliwa na mawimbi. Mama anarudi anakuta vigingi vitupu. Inabidi aombe mbegu au anunue, afunge kidogo, avune kwa ajili ya kuzidisha mbegu tu, na pesa ya kushika mkononi haionekani mpaka mazao mawili yapite. Hapo ndipo wengi wanapoachia shamba, na watu wanasema amechoka.

Dawa yake ni mbegu za amana. Mimba ikifika mwezi wa 8, mama achague wenzake wawili, kila mmoja amfungie kamba 5 ndani ya shamba lake na azifunge upya kila akivuna. Kinachozidi mbegu ni ujira wa aliyetunza. Mwenyewe akirudi anakabidhiwa kamba 10 zilizo hai. Yaandikeni haya, na muandike pia mbegu zikifa itakuwaje, kwa sababu ugomvi wote huanzia hapo. Kuanzia Disemba mpaka Machi maji ya kina kifupi yanachemka, mwani mnene hupauka na kuoza kabla ya mwembamba. Basi amana ya miezi hiyo iwe ya mwani mwembamba, ifungwe upande wa maji mengi, na zikifa kwa joto asidaiwe mtu.

Kuanzia mwezi huo huo wa 8 wa mimba mama asibebe polo la mwani mbichi. Akishajifungua, asiingie majini damu ikiwa bado inatoka au mshono haujafunga. Aliyefanyiwa upasuaji asinyanyue mzigo mpaka aangaliwe hospitali siku ya 42.

Anaporudi, kuna kazi moja katika kilimo hiki inayomfaa kuliko zote, nayo ni kufunga mbegu nchi kavu. Wenzake wanaleta mbegu, yeye anakaa kivulini juu ya mkeka, mtoto pembeni, anafunga vipande vya gramu 100 hivi kwa taitai, kimoja hadi kingine kiasi cha shibiri moja, kwenye kamba ya mita 4 au 5. Kamba zilizofungwa zinarudishwa majini siku hiyo hiyo. Kinachoharibu ni jua: mbegu zikikaa wazi kwa saa moja tu ncha zinapauka na hazikui tena vizuri. Zifunikwe gunia lililolowa maji ya bahari, si maji ya mvua wala ya kisima, maana maji matamu yanaziua. Kazi hii ilipwe kwa kamba, na malipo yawe yale yale ya anayefunga akiwa majini. Vikundi vingine humpa nusu kwa hoja kwamba amekaa. Kamba haijui kama aliyeifunga alikuwa amekaa au amesimama.

Akiamua kuingia majini mtoto akiwa hajafika miezi 6, hapo tuzungumze habari ya maziwa, tena taratibu.

Mtoto wa umri huo, mama akiwa hayupo, hunywa kama mililita 25 hadi 35 kwa kila saa. Kwa masaa 5 ni mililita 125 hadi 175, kikombe cha chai kisichojaa. Si mengi kama mnavyoyaogopa. Yanayokwamisha ni kuanza siku ya bamvua yenyewe: mama anakamua alfajiri, anapata vijiko viwili, anasema sina maziwa, bibi anakoroga uji. Aanze kujizoesha wiki ya maji mafu iliyotangulia. Anawe mikono kwa sabuni. Akande titi kwa upole. Kidole gumba kiwe juu na cha shahada chini, pembeni ya ile sehemu nyeusi, si kwenye chuchu. Asukume kwanza kuelekea kifuani, kisha abane, kisha aachie, halafu azungushe vidole mpaka titi lote lilainike. Kuvuta chuchu kunaumiza na hakutoi kitu. Matiti yote mawili huchukua dakika 20 hadi 30. Wakati mzuri ni baada ya sala ya Alfajiri: mtoto ananyonya upande mmoja, mama anakamua mwingine.

Chombo kiwe na mdomo mpana na kifuniko, kimeoshwa kwa sabuni na kumwagiwa maji yaliyochemka. Kwa joto letu, maziwa yaliyo juu ya meza yahesabiwe masaa 3, yasizidi 4. Mtaona kwamba hayafiki mpaka mama arudi, kwa hiyo chombo kikae ndani ya ndoo ndogo yenye vipande vya barafu na kifunikwe kitambaa. Yasipashwe motoni. Weka chombo kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu, basi. Mtoto anywe kwa kikombe kidogo: akalishwe wima, kikombe kiguse mdomo wa chini, maziwa yafike mdomoni na mtoto ayavute mwenyewe. Ukimmiminia, yanampalia. Chupa ya chuchu ni ngumu kusafisha na huleta kuharisha. Kilichobaki kikombeni hakirudishwi chomboni.

Bibi zetu mtusamehe, lakini mtoto aliye chini ya miezi 6 hapewi maji hata kukiwa na joto la kaskazi. Maziwa ya mama yana maji ya kumtosha.

Mama mwenyewe akiwa majini matiti yatajaa. Akamue kidogo apunguze uzito, asingoje yawe mawe. Akitoka, asuuze kifua kwa maji safi kabla ya kunyonyesha, chumvi inachoma chuchu zilizochanika. Akiona sehemu imekuwa ngumu, nyekundu, ina moto na homa juu, aendelee kunyonyesha upande huo huo, na isipopungua ndani ya siku moja aende hospitali. Na jambo jingine husahaulika: anayetegemea kunyonyesha ili asishike mimba, kinga hiyo hulegea mtoto akikaa zaidi ya masaa 4 mchana bila kunyonya. Bamvua linatosha kuivunja. Azungumze na muuguzi kabla ya kurudi majini.

Sasa mlezi. Wengi wenu jibu lenu ni binti mkubwa. Hesabuni basi: siku 6 au 7, mara mbili kwa mwezi, asubuhi, saa ile ile ya skuli. Mtoto wa miaka 10 anapoteza karibu nusu ya masomo yake kwa ajili ya mdogo wake, na wala si mlezi wa kuaminiwa, kwa sababu akiitwa na wenzake ataondoka. Naye ni mtoto.

Kikundi chenye kina mama 10 na watoto wadogo 7 kinahitaji walezi wawili watu wazima: mmoja kwa wachanga wasiozidi 3, mwingine kwa wanaotembea wasiozidi 5. Hata watoto wakiwa 3 tu, walezi wawe wawili, maana mmoja lazima aende chooni au akapokee mgeni. Mahali pawe karibu na pwani, ili mchanga aletwe kunyonya mama akitoka, lakini pasiwe ufukweni. Kibanda cha makuti juu ya mchanga kinaonekana kizuri maji yakiwa yamekupwa, na yakijaa yako mlangoni. Mtoto anayetambaa huzama hata kwenye ndoo, basi ndoo zimwagwe, kisima kifunikwe, na jiko liwe upande wa nje. Vikombe vya maziwa vifungwe uzi wa rangi, kila mtoto na rangi yake. Waliopita miezi 6 waje na chakula chao: wa miezi 6 hadi 8 hula mara 2 au 3 kwa siku, wa miezi 9 na kuendelea mara 3 au 4, kwa hiyo mlo mmoja utaangukia kwa mlezi. Uji uwe mzito, usiomwagika kijikoni kwa urahisi, na ndani yake muwe na karanga iliyosagwa, dagaa wa unga au tui.

Malipo ndiyo panapovunjika. Mlezi wa kujitolea hufika bamvua la tatu, la nne hamumuoni, na haki yake. Njia inayofaa ni kila mama kutoa mavuno ya kamba 2 katika kila zao kwa ajili ya walezi, hata yule ambaye mtoto wake ameshakua, kwa kuwa naye alilelewa wake au atakuja kulelewa mjukuu. Mama 10 ni kamba 20. Tabu ni kwamba mwani mbichi kilo 7 hadi 10 hukauka ukabaki kilo 1, kukausha kunataka siku 2 au 3 za jua, na mnunuzi naye huchelewa. Mlezi anakula kila siku. Basi sanduku la kikundi limlipe nusu mwisho wa kila bamvua, lijirudishie mwani ukiuzwa.

Nimalizie na uongozi, kwa sababu mama hatakiwi shambani tu. Anatakiwa kwenye kamati, kwenye hesabu, mbele ya sheha. Mikutano ikiwekwa baada ya Alasiri mama mwenye watoto haji, saa hiyo anateka maji na kuinjika chungu. Iwekwe asubuhi ya maji mafu, isizidi saa moja na nusu, na mlezi awepo.

Mwajiriwa wa Tanzania Bara ana sheria ya mwaka 2004 inayompa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, 100 akizaa zaidi ya mmoja, na hadi masaa 2 kwa siku ya kunyonyesha. Mkulima wa mwani hana mwajiri, kwa hiyo sheria yake ni katiba ya kikundi. Isipotaja uzazi, mtaona mnachagua kina mama waliokwisha kuzaa tu, na wenye umri wa miaka 25 hawashiki hata ufunguo. Andikeni hivi: kiongozi akikaribia kujifungua, naibu anashika nafasi yake mpaka siku ya 42, kisha inarudi kwa mwenyewe bila kupigiwa kura. Siku ya kukabidhi, sanduku linafunguliwa mbele ya wanachama, pesa zinahesabiwa kwa sauti, ufunguo unapita kutoka mkono hadi mkono, na tarehe ya kurudi inaandikwa kwenye daftari kabla watu hawajatawanyika.