Tovuti Mpya ya Chama na Mgeni Asiyejua Pa Kubofya

Ndugu mwenyekiti wa kikao, ndugu wasikilizaji, nashukuru kwa kunialika. Nimeombwa nizungumzie tovuti za vyama vya siasa, hasa zile zinazozinduliwa kwa shangwe. Ninayo moja akilini, imezinduliwa karibuni tu. Chama chenyewe sitakitaja, maana ukibadilisha rangi na nembo utadhani umefungua tovuti ya hasimu wake.

Anayefungua tovuti ya chama anatafuta nini? Salamu za mwenyekiti hazimo katika orodha yake. Anataka kujua chama kinasemaje kuhusu kodi au shule. Anataka kujiunga, au kuchangia, au kujua ofisi ya karibu iko wapi. Mwandishi wa habari anataka namba ya msemaji, na anaitaka sasa hivi. Wote hao wamekuja na shughuli.

Ukurasa wa mwanzo unawapokea kwa bango kubwa lenye picha zinazopishana: mwenyekiti akihutubia, mwenyekiti akipokewa, mwenyekiti akipunga mkono. Hujamaliza kusoma maneno ya picha ya pili, ya tatu imeshaingia. Mwaka 2013 Erik Runyon, aliyekuwa akifanya kazi Chuo Kikuu cha Notre Dame nchini Marekani, alichapisha takwimu za bango la namna hiyo. Kama asilimia 1 tu ya waliofika walilibofya, na wengi mno wa hao waliobofya waliishia kwenye picha ya kwanza. Sasa kwa nini mabango haya hayafi? Kwa sababu kila idara inataka picha yake mbele, na anayejenga tovuti hana ubavu wa kumwambia kiongozi hapana. Bango linaleta amani ofisini. Mgeni halimsaidii chochote.

Menyu nayo ina ugonjwa uleule. Ukiisoma unaona Sekretarieti, Kamati Kuu, Mabaraza, Idara. Huo ni muundo wa makao makuu. Mtu ambaye hata kadi hana atajuaje kwamba fomu ya kujiunga imefichwa chini ya Idara, kisha Utawala, kisha Nyaraka?

Tukae kidogo kwenye hiyo fomu, maana ndipo chama kinapopoteza watu waliokwisha kuamua kukipenda. Tuseme umeifikia. Unaulizwa tarehe ya kuzaliwa, na hairuhusiwi kuiandika. Lazima uichague kwenye kalenda. Kalenda inafunguka mwezi huu tulionao, na mshale wake unarudi nyuma mwezi mmoja kila unapobofya. Mzee wa miaka 60 anatakiwa abofye mara 720. (Kicheko ukumbini.) Mnacheka, lakini aliyeitengeneza ni kijana, na aliijaribu kwa kubofya tarehe ya siku ile, ikakubali, akaendelea na kazi nyingine.

Mzee wetu ni mvumilivu, amefika. Anaandika namba ya simu, na kama tunavyofanya wengi, anaacha nafasi kati ya tarakimu ili aisome vizuri. Anabofya Tuma. Juu kabisa ya ukurasa, mahali asipopaona kwa sababu yeye yuko chini, panatokea maneno mekundu: “Taarifa si sahihi.” Taarifa ipi? Haisemi. Na fomu yote imefutika, pamoja na ile tarehe ya mibofyo 720. Kompyuta ingeweza kuziondoa hizo nafasi yenyewe bila mtu kujua; ni kazi ya mstari mmoja wa msimbo. Badala yake mzigo ametwishwa mgeni, na mgeni huyo hatapiga simu kulalamika. Atafunga ukurasa, na makao makuu wataandika kwenye ripoti kwamba mwamko ni mdogo.

Kuhusu rangi sitakaa sana. Chama kina njano, basi maandishi yamewekwa njano juu ya nyeupe. Mwongozo wa WCAG, wa kufanya tovuti zitumike na watu wote, wakiwemo wenye ulemavu, unatolewa na W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti. Unataka mwangaza wa maandishi ya kawaida utofautiane na wa rangi iliyo nyuma yake kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1. Njano kali juu ya nyeupe inatoa kama 1.07 kwa 1, yaani karibu hakuna kitu. Bendera ibaki na njano yake. Aya zipewe weusi.

Ilani ndiyo iliyonisikitisha. Wamechukua kitabu kilichochapwa, wakakipiga picha ukurasa kwa ukurasa, wakakipandisha kama PDF moja nzito. Ukitafuta neno “maji” ndani yake hupati kitu, kwa sababu kwa kompyuta zile ni picha, hakuna maneno. Asiyeona anayetumia programu ya kumsomea skrini anasikia kimya. Mwandishi hawezi kunakili sentensi moja. Chama kinachotaka kunukuliwa kimefunga mlango wa kunukuliwa!

Msidhani haya ni mambo madogo ya mafundi. Desemba 2007 timu ya Barack Obama ilijaribu michanganyiko 24 ya picha, video na vitufe kwenye ukurasa wao wa kujiandikisha. Watu wa kampeni walikuwa wanapenda video. Video zote zikashindwa na picha. Picha ya familia pamoja na kitufe kilichosema “Jifunze zaidi”, badala ya “Jisajili”, viliwapandisha waliojiandikisha kutoka asilimia 8.26 ya wageni hadi 11.6.

Upande wa pili uliumia mwaka 2012. Kampeni ya Mitt Romney, aliyeshindana na Obama mwaka huo, ilikuwa na mfumo uliopewa jina la Orca, wa wajitolea kuripoti kutoka vituoni nani amekwisha kupiga kura. Ulikuwa ni tovuti ya kufungua kwenye simu, lakini wengine waliutafuta kwenye maduka ya programu wasiuone. Walioandika anwani bila ile “s” ya https hawakupelekwa panapotakiwa. Walipata ukurasa mtupu. Na hiyo ilikuwa siku yenyewe ya uchaguzi, Novemba 6, wakati ambapo hakuna cha kurekebisha tena.

Tovuti ninayoisema ilioneshwa ukumbini, kwenye skrini kubwa, kwa intaneti ya kasi, na aliyeshika kipanya ndiye aliyeijenga. Ilipendeza, na viongozi wakapiga makofi. Mpiga kura anaifungua kwa simu yenye kioo kilichopasuka.

Ndiyo, nauona mkono pale nyuma. Ndugu anauliza: wakiwa na wiki moja tu na hawana fedha, waanze na nini?

Waanze na fomu. Wasiguse bango, maana watagombana wiki nzima. Wachukue watu watano wasio wanachama, wa rika tofauti, watumie simu zao wenyewe, na wapewe jambo moja la kufanya: jiunge. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia tovuti, aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano wanatosha kufichua kama asilimia 85 ya matatizo. Kuna waliombishia hesabu hiyo, ila kwa fomu ya aina hii hata wawili watatosha. Aliyeijenga akae kando, aangalie, na asifungue mdomo hata mtu akikwama. Katibu mkuu naye awepo, tena akae karibu na yule mzee wa miaka 60 anapofika kwenye kalenda.