Huyu wa njano ndiye anayenikosesha usingizi

(Mazungumzo na wazazi, Ujiji, Kigoma)

Wakubwa, shikamooni. Na ninyi akina baba mliosimama mlangoni, sogeeni. Haya si ya akina mama peke yao.

Mnauona utepe huu wa kupimia utapiamlo? Tunauzungusha katikati ya mkono wa kushoto, kati ya bega na kiwiko, kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, na hapo habishi mtu, mtoto anakimbizwa. Kuanzia 12.5 ni kijani. Mimi leo nimemfuata wa katikati, wa njano, mwenye utapiamlo wa kadiri. Anacheza, anacheka, na bibi atakwambia, "Ni mwembamba tu, ndivyo walivyo kwao." Kisha inakuja malaria, au anaharisha siku tatu, mara keshaingia nyekundu. (Na miguu yote ikivimba, ukabonyeza pakabaki shimo, achana na utepe. Nenda hospitali.)

Mara nyingi kosa limo kikombeni. Tumbo la mtoto wa kilo 8 hubeba kama mililita 240, kikombe kimoja cha chai. Ukilijaza uji wa muhogo unaochuruzika, atashiba kweli, lakini ameshiba maji. Chota uji, inamisha kijiko. Ukimwagika wote, rudi jikoni.

Cha kutia tunacho. Dagaa: chambua, osha mchanga uishe, kausha, twanga ulainike, tia kwenye uji unaochemka. Karanga za kusaga pia. Na mawese, tena mekundu. Ukiyaunguza hadi yakawa meupe, umeshaichoma vitamini A. Huwa inaniuma kuona magunia ya dagaa yakipakiwa kwenda mbali, na aliyeyashona mwanawe anakunywa uji mtupu.

"Na asali ya Tabora, mwanangu?" ameuliza bibi hapa mbele. Kabla ya kutimiza mwaka, bibi, hata ya kulamba usimpe. Inaweza kuwa na vijidudu vya sumu inayolegeza misuli.

Kuanzia miezi 9 ale mara 3 au 4 kwa siku, na ziwa aendelee nalo. Awe na sahani yake. Kwenye sinia moja na kaka zake, huyu bado anapuliza tonge la kwanza wenzake wanakomba mchuzi.

Haya, baba wa shati la bluu, mlete huyo uliyembeba. Mkono wa kushoto.