Gari Linalala Wapi?

Ndugu zangu, nianze na hesabu ya fundi. Nafasi ya kuegesha gari dogo ni kama mita 2.5 kwa 5. Anayenunua nyumba akiiona kwenye ramani hudhani ndiyo hiyo tu. Lakini gari halishuki kutoka mbinguni. Linataka njia ya kupita, pa kukata kona, mteremko wa kupandia. Halafu kuna nguzo, ngazi na lifti. Ukijumlisha yote, gari moja hula mita za mraba 25 hadi 35. Hicho ni chumba na sebule, na ukijibana unapata jiko.

Kwa hiyo mtaa uliobanana una mawili: kupanda juu au kushuka chini.

Wengi hupenda kushuka, maana gari lisiloonekana halimkeri mtu. Sawa, ila shimo lina madai yake. Kwanza uishike ardhi ya jirani isije ikakuporomokea. Kisha maji. Ghorofa tupu iliyozama kwenye maji ya ardhini husukumwa juu kama mtumbwi. Lazima ilemewe na zege zito au ifungwe kwa nguzo zilizozamishwa chini. Feni za kutoa moshi, pampu na taa navyo vinataka umeme miaka yote. Kila ghorofa unayozidi kushuka huwa ghali kuliko iliyo juu yake. Na ile bustani mliyoahidiwa juu ya paa la zege? Bila udongo wa kina mtapata nyasi. Mti mkubwa msahau.

Mimi napendelea walivyofanya Vauban, mtaa wa Freiburg, Ujerumani. Mwenye gari hununua nafasi yake katika jengo la maegesho lililo ukingoni mwa mtaa, kisha hutembea hadi nyumbani. Asiye na gari halipii zege la mwenzake, na hapo ndipo hoja yangu ilipo.

Ombi langu kwa wachoraji wa majengo hayo ya maegesho: sakafu ziwe bapa, kimo cha kila ghorofa kikaribie mita 3, mteremko ukae pembeni. Magari yakipungua, mteremko unabomolewa, sakafu zinageuzwa karakana, ofisi, hata nyumba. Shimo la ghorofa 3 chini ya ardhi, hata watu wauze magari yote, nani atakubali kulala humo?